Ukoga wa Nambari Nane

Mbodze Rai alikuwa na mkono mwepesi, na ndiyo sababu walimtafuta. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akisafisha meno ya watu katika kliniki moja ndogo ya Ukunda, ghorofani, juu ya duka la vyombo. Wateja wake, kuanzia wapishi wa mahoteli ya Galu hadi mabibi wa Msambweni wenye kutafuna tambuu, walikuwa wakisema kwamba ukilala kwenye kiti chake waweza kupitiwa na usingizi. Siku Daktari Hanifa alipopanda zile ngazi, Mbodze alidhani amekuja kwa ajili ya jino. Hanifa akaketi, akafungua mkoba, akatoa picha ya taya la mtu aliyekufa zamani sana.

Hanifa alikuwa mtafiti wa mambo ya kale, mzaliwa wa Msambweni, aliyesoma ng'ambo akarudi. Yeye na wenzake walikuwa wamechimba katika pango moja kwenye vilima vya mawe nyuma ya Diani, wakapata mabaki ya watu tisa. Wazee wa kaya, walinzi wa misitu mitakatifu, waliombwa ruhusa, wakaitoa kwa sharti kwamba mifupa irudi ilikotoka. Hanifa hakuitaka mifupa yenyewe. Alichokitaka ni ukoga, ule ukoko mgumu kama chokaa unaoganda kwenye shina la jino. Alieleza kwamba mtu anapokula, chembe za chakula hunaswa humo, na kwamba iko protini moja ya maziwa yenye ukaidi wa ajabu, yaweza kukaa ndani ya ukoko huo miaka elfu mbili, elfu tatu. Protini hiyo imo katika maziwa ya ng'ombe, ya mbuzi na ya kondoo, kila mnyama na yake. Katika maziwa ya binadamu haimo kabisa. Kwa hiyo ikionekana kwenye jino la marehemu, basi marehemu huyo alikunywa maziwa ya mfugo. Wakiifuata hiyo, wangeweza kujua ni lini watu wa pwani hii na bara yake walianza kukama.

"Nahitaji mtu wa kukwangua bila kulijeruhi jino," Hanifa alisema. "Sisi wenye vyeti vingi hatuna mikono hiyo."

Mbodze akakubali bila kuuliza mengi. Kazi ilikuwa ya Jumamosi na Jumapili, na siku hizo mbili ndizo zilizokuwa zikimshinda. Alikuwa amepanga vyumba viwili Bongwe pamoja na mumewe, Harrison, aliyekuwa mhudumu wa hoteli. Kisha Harrison akaenda Qatar kutafuta kazi iliyo bora. Mwanzo alikuwa akipiga simu kila jioni, baadaye kila wiki, baadaye sikukuu kwa sikukuu. Watoto hawakujaliwa. Siku za kazi Mbodze alikuwa akizungumza kutwa na watu waliofumbua vinywa, wasioweza kumjibu. Siku za mapumziko hakuwa akizungumza na mtu.

Kazi ya mataya ilifanyiwa katika chumba kimoja cha nyuma, Kwale mjini. Masharti yalikuwa makali. Tangu siku iliyotangulia mtu hakutakiwa kugusa maziwa wala siagi, maana hata chembe ya kwenye ukucha ingeweza kuharibu kila kitu. Mbodze alivaa glavu jozi mbili, barakoa na kofia, akainamia meza na kukwangua taratibu, huku unga wa kijivu ukidondokea kwenye kichupa kidogo kuliko kidole cha mwisho. Jino moja lingeweza kula saa nzima. Katika wale tisa alimpenda zaidi mwanamke mmoja mwenye taya dogo, ambaye meno yake ya upande wa kushoto yalikuwa yamelika kwa mshazari, kana kwamba maisha yake yote alikuwa akivuta kamba kwa meno. Mara nyingine Mbodze alijikuta akimwambia, "Vumilia kidogo, karibu tumalize," kama anavyowaambia wateja wa Ukunda, kisha akatazama nyuma kuona kama Hanifa amesikia.

Walipomaliza wale wa kale, Hanifa alisema sasa wanahitaji walio hai. Ilikuwa lazima wapatikane watu ambao unywaji wao wa maziwa unajulikana bila shaka, ukoga wao upimwe kwa mashine ile ile, ili ijulikane kama mashine inaona kinachopaswa kuonekana. Alitaka wafugaji wa nchi kavu. Mbodze akasema papo hapo kwamba kwao, ng'ambo ya Kinango, watu wamefuga tangu mababu, na kwamba baba yake mwenyewe ana ng'ombe kumi na mmoja. Baadaye, njiani kurudi Bongwe, alijiuliza mbona alikuwa na haraka hivyo ya kusema.

Kwao hakuwa amekwenda kwa muda mrefu. Mama yake, Umazi, alifariki miaka mitano iliyopita, na matanga yalipoanuliwa Mbodze alimwomba baba yake ahamie kwake Bongwe. Mzee Rai alimjibu mbele ya mashangazi kwamba ng'ombe hawaishi vyumbani. Mashangazi walicheka kidogo tu, wala neno halikuwa la matusi, lakini Mbodze lilimwingia. Alirudi kwao mara mbili, kisha safari zikakoma, ikabaki simu ya Jumapili. Mzee alikuwa akipanda kichuguu kilichokuwa karibu na zizi kutafuta mtandao, akasema maneno yale yale: niko salama, ng'ombe wako salama, maziwa tele. Mbodze naye alikuwa akisema yuko salama. Dakika mbili zilikuwa nyingi.

Siku ya kuchukua ukoga wa walio hai walipewa baraza ya zahanati ya kule kwao Mbodze. Walijitokeza watu kumi na wanne. Mzee Rai alikuja amevaa koti lake la sherehe, jua kali vile, mikono ameitia mifukoni, akapewa nambari nane. Msaidizi wa Hanifa, kijana wa Kombani aitwaye Abdurahman, alikuwa akiuliza maswali kwa sauti mbele ya wote na kuandika majibu. Alipofika kwenye swali la maziwa, mzee alimtazama kana kwamba ameulizwa kama anavuta pumzi.

"Kila siku," alisema. "Asubuhi na jioni, tangu nizaliwe. Mtu na ng'ombe wake, waniuliza swali gani hilo?"

Watu wakacheka kwa kumuunga mkono. Kisha akalala kwenye kiti cha kukunja, na bintiye akamwinamia akiwa na glavu na barakoa. Mbodze alisema, "Fungua, Baba." Akasema, "Geuka kidogo." Akasema, "Tema." Mzee hakuwa na nafasi ya kusema lolote, na alipopata nafasi nambari tisa alikuwa tayari amesimama. Mawingu yalikuwa yakijikusanya, na dereva aliogopa korongo la njiani lisije likajaa maji. Mbodze alimwambia baba yake kwamba atakuja mwezi ujao, wakae vizuri. Mzee alikubali kwa kichwa. Mwezi ujao ulikuja ukapita, na mingine baada yake.

Majibu yalirudi kutoka maabara ya ng'ambo mwezi wa Machi. Hanifa alimpigia simu akamwita Kwale, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi lakini anajizuia. Katika wale tisa wa pangoni, maziwa yalionekana kwa wawili. Mmoja alikunywa ya ng'ombe. Mwingine alikuwa yule mwanamke wa taya dogo, naye alikunywa ya mbuzi. Mbodze alipata furaha ya ajabu kusikia hivyo, kana kwamba ameletewa salamu za mtu anayemjua. Wale saba waliobaki hawakuonyesha kitu, na hapo ndipo palipokuwa na ubishi. Wapo wataalamu ambao wangesema saba hao hawakuwa wanywaji, na kwamba ufugaji wa maziwa hapa ulikuwa jambo la wachache.

"Lakini tazama hapa," Hanifa alisema, akageuza kompyuta.

Walio hai kumi na watatu walionyesha maziwa, wengine kwa nguvu, wengine kwa mbali. Mmoja hakuonyesha hata chembe. Nambari nane. Hanifa alikuwa amemwomba mtu wa maabara arudie, naye alirudia mara tatu. Kwake yeye hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko wale kumi na watatu. Kama mfugaji anayekunywa maziwa mara mbili kwa siku maisha yake yote anaweza kukosa alama, basi wale saba wa pangoni nao huenda walikunywa, alama ikapotea. Alikuwa ameanza kuandika aya nzima juu ya nambari nane. Orodha ya majina ilikuwa imefungiwa kabatini, naye hakukumbuka nambari nane ni nani.

Mbodze alikumbuka. Alisema tu kwamba ni jambo la kushangaza, akaomba ruhusa kwa sababu ana wateja.

Lilimkaa kichwani siku tatu bila kupata pa kutulia. Siku ya nne alikuwa akimsafisha meno mwalimu mmoja wa Galu, na mwalimu yule alipoambiwa ateme akauliza ukoga ukishatolewa hurudi baada ya muda gani. Mbodze alimjibu kama alivyowajibu maelfu: nikikusafisha leo, leo hii unaanza upya, utakachokula kuanzia kesho ndicho kitakachoganda humo. Kifaa kikasimama mkononi. Mwalimu akamuuliza kama pana tatizo. Akasema hapana.

Mteja alipoondoka alifungua kabati la kadi za zamani. Akaipata kadi ya baba yake. Miaka mitano iliyopita mama yake alikuwa amelazwa Msambweni, na mzee alilala kwenye benchi la nje siku tisa mfululizo. Alasiri moja Mbodze alimchukua kwa nguvu hadi Ukunda ale na apumzike. Mzee alikataa chakula. Mbodze, kwa kutojua afanye nini tena kwa ajili yake, alimlaza kwenye kiti akamsafisha meno yote, ya juu na ya chini, mpaka yakawa kama ya kijana. Tarehe ilikuwa pale kwenye kadi kwa mwandiko wake mwenyewe. Baada ya siku sita Umazi akafariki.

Kwa hiyo ukoga alioukwangua kwenye baraza ya zahanati ulikuwa wa umri wa ujane wa baba yake. Mashine haikukosea kitu. Katika muda wote ule, mzee hakuwa ameonja maziwa.

Jumamosi iliyofuata aliondoka Bongwe alfajiri, akabadili gari Kombani, na kutoka Kinango akachukua pikipiki. Hakupiga simu kwanza. Alifika jua halijawa kali. Baba yake alikuwa zizini akimtoa kupe ng'ombe mwekundu, na alipomwona alisimama wima na kuitia mikono mfukoni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Kuna msiba?"

Alikuwa akimwita mama kwa sababu Mbodze lilikuwa jina la mama mzazi wa mzee. Akamwambia hakuna msiba, amekuja kumjulia hali. Mzee akamwambia apite ndani.

Mbodze alikuwa binti wa mfugaji, na miaka ya Ukunda haikumtoa macho. Aliona kwanza ndama. Mwaka ulikuwa mbaya, majani yameungua, ng'ombe wakubwa mbavu zahesabika, lakini ndama wote watatu walikuwa wanene, manyoya yanang'aa. Ndama wa mahali panapokamwa hawawi hivyo. Jikoni, vibuyu vya maziwa vya mama yake vilikuwa bado vimeangikwa ukutani kwa kamba zake. Alishusha kimoja. Nyigu wa udongo alikuwa ameziba mdomo wake kwa tope, na tope lenyewe lilikuwa limekauka zamani. Kwenye kijiko cha kukorogea kulikuwa na rangi ya chai tupu.

Alipika chai. Mzee alisema maziwa ya asubuhi yameishia kwa majirani waliojiwa na wageni. Mbodze alimmiminia kikombe, akakiweka mezani mbele yake, na mzee akakiacha. Chai ikapoa. Mbodze akatambua kwamba hatakinyanyua kikombe hicho akiwa yeye anatazama.

"Baba," alisema, "lini mara ya mwisho ulikunywa maziwa?"

Mzee Rai alitazama mlangoni. Kuku alipita.

"Mashine yenu ndiyo imesema?"

"Ndiyo."

"Hata hilo yaona." Alitikisa kichwa polepole, akatoa mikono mfukoni na kuiweka juu ya meza. Mkono wa kulia ulikuwa ukitetemeka bila kukoma, kama kitu kisichokuwa chake. Wa kushoto ulitetemeka kidogo. "Ulianza mwaka ule ule wa mama yako," alisema. "Mwanzo nilidhani ni majonzi."

Akamweleza. Kukama ilikuwa kazi ya Umazi tangu alipoolewa, na ng'ombe walizoea mkono wake. Alipoondoka, mzee alijaribu mwenyewe. Yule mwekundu alihisi mikono inayotetemeka akayabana maziwa, hayakushuka. Siku ya tatu alimpiga teke, kibuyu kikapasuka. Basi akawaachia ndama. Mama Kombe, jirani, alijitolea kuja kukama, akamkatalia, kwa sababu angeingia zizini angeiona mikono, na jua halingetua kabla ya watu wote kujua. Dukani kulikuwa na maziwa ya pakiti. Mzee alimuuliza bintiye, kwa utulivu kabisa, kama anaweza kumfikiria yeye Rai akitembea barabarani na pakiti ya maziwa mkononi, ng'ombe kumi na mmoja wanamtazama.

"Na kwenye simu wasema maziwa tele."

"Ni tele. Ndama ndio wanaokunywa." Kisha akasema, "Na wewe wasema u salama."

Mbodze alisukuma kikombe karibu na mikono ya baba yake, akainuka akaenda nje kuosha sufuria iliyokuwa safi. Aliporudi kikombe kilikuwa kitupu na meza ilikuwa na chai iliyomwagika.

Alilala huko. Asubuhi alichukua bakuli, maana vibuyu havikufaa tena, akamfuata baba yake zizini. Hakuwa amekama tangu alipopelekwa shule ya bweni akiwa na miaka kumi na mitatu. Mzee alimwelekeza. Kwanza ndama aachiwe anyonye kidogo, maziwa yashuke, kisha avutwe kando lakini abaki mbele ya macho ya mama yake. Mzee alimshika ndama kwa kumkumbatia shingo, na kwa kumshika hivyo mikono yake ilitulia kidogo. Mbodze akachuchumaa ubavuni mwa yule mwekundu, akashika chuchu. Mikono hii iliyokuwa ikisifiwa hadi Galu haikupata kitu. Ng'ombe alisogea, akapiga mkia, akayabana maziwa.

"Mama yako alikuwa akimsemesha," mzee alisema kutoka upande wa pili.

"Akimwambia nini?"

"Habari za nyumba. Zote. Na mimi akinisengenya humo humo."

Mbodze aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, mahali penye joto. Alitafuta habari za nyumba. Akaanza kwa kusema kwamba yeye anakaa Bongwe, vyumba viwili, kimoja hakifungui. Akasema kwamba kule kuna jirani mpya ambaye jina lake bado hajalijua. Akasema kuna mwanamke mmoja amekufa miaka mingi sana, meno yake yamelika upande, alikuwa akinywa maziwa ya mbuzi, na kwamba kwa miezi minne huyo ndiye aliyekuwa mtu wake wa kuzungumza naye siku za Jumapili. Akasema Harrison hapigi simu tena. Koti lake bado limetundikwa nyuma ya mlango, naye hulipangusa vumbi, wala hajui kwa nini hulipangusa. Alikuwa akisema polepole, vidole vikibana na kuachia, na hakujua ni wakati gani hasa maziwa yalianza kuingia bakulini. Alisikia tu mlio umebadilika.

Upande wa pili ndama alikuwa akikohoa kidogo kwa kukabwa. Bakuli lilipofika nusu ng'ombe aliyabana tena, na Mbodze akainuka.

"Hajapiga simu tangu lini?" baba yake aliuliza.

"Tangu Krismasi ya mwaka juzi."

Mzee alimwachia ndama. Alisimama akimtazama anavyorukia kiwele, akasema koti likikaa sana lashikwa na nondo, afadhali ampe mtu alivae. Hakuongeza lingine, na Mbodze alishukuru kwamba hakuongeza.

Walichemsha maziwa yale. Mzee alikunywa kwa mikono miwili, safari hii mbele yake, mengine yakamwagikia kifuani. Mbodze alimweleza shida iliyomleta. Alimwambia kwamba Daktari Hanifa anataka kuandika kitabuni kuwa yuko mtu anayekunywa maziwa kila siku na mashine haikumwona, na kwamba kwa neno hilo moja watu watafikiri vingine juu ya wale wa pangoni. Si kweli, na neno hilo ni lazima liondolewe. Lakini ili liondolewe itabidi aseme kwamba mtu huyo alijibu vingine na ukweli ni vingine.

Mzee aliuliza kama jina lake litaandikwa.

"Hapana. Ni nambari tu."

"Basi mwambie. Nambari haina haya." Akapangusa kidevu kwa kiganja. "Lakini kijana yule wa Kombani asiambiwe. Yeye alinisikia."

Kabla ya kuondoka Mbodze alikwenda kwa Mama Kombe, akamkuta akipura mtama. Alimwomba aje kukama asubuhi na jioni, achukue nusu ya maziwa. Mama Kombe alisema tangu akataliwe amekuwa akingoja kuombwa, miaka mitano sasa. Kuhusu mikono ya mzee alisema yeye aliiona siku ya matanga, na mumewe pia, na karibu kila mtu, ila walinyamaza kwa kuwa mwenyewe alipenda kunyamaza. Mbodze aliamua kutomwambia hilo baba yake.

Hanifa alimsikiliza hadi mwisho, pale pale kwenye chumba cha mataya, bila kumkatiza. Alipojua nambari nane ni nani alifunika kompyuta. Habari hiyo ilimpotezea aya iliyo bora kuliko zote, na Mbodze aliona kwamba inamuuma. Kisha Hanifa alimuuliza kama mzee amepelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, akaandika jina la anayemjua Mombasa kwenye kipande cha karatasi. Jedwali likabaki na watu kumi na watatu. Kuhusu wale saba wa pangoni aliandika kwamba haijulikani: huenda hawakupenda, huenda hawakuwa na mifugo, huenda walikuwa nao na hawakuwa na wa kuwakamia. Dhana hiyo ya mwisho wakaguzi wa jarida waliifuta, wakasema haina ushahidi.

Mwezi wa Mei, mvua zilipokuwa zimeanza, Mbodze alikwenda tena. Dawa za Mombasa zilikuwa zimeupunguza mtetemeko, ingawa si sana. Mama Kombe alikuwa akija kila siku kabla ya jua, na kibuyu kipya kilikuwa kimeangikwa jikoni, kimefukizwa, kinanuka moshi mzuri. Lakini mzee hakuwa akinywa. Alisema kwa aibu kidogo kwamba tumbo limesahau. Akinywa kikombe kimoja linajaa na kunguruma hadi adhuhuri. Miaka sitini na saba maziwa hayakumdhuru, akayaacha mitano tu, sasa yamemkataa. Maziwa yote yalikuwa yakienda kwa Mama Kombe. Mbodze alikuwa amesikia kwa Hanifa kwamba jambo hilo hutokea, ila hakudhani litampata mtu anayemjua.

Asubuhi ya Jumapili aliamshwa na sauti. Alisimama mlangoni akatazama. Mama Kombe alikuwa amechuchumaa chini ya yule mwekundu, baba yake amemkumbatia ndama, nao walikuwa wakimsema mtu fulani wa kijijini, mmoja akianza neno mwenzake akilimalizia. Walikuwa wakisema Kiduruma cha haraka, cha watu waliozoeana, na maneno mengine Mbodze hakuyapata. Mzee alicheka. Ilikuwa miaka mingi hajamsikia akicheka.

Alingoja kidogo, labda wangemwita. Hawakuwa wamemwona. Akarudi ndani, akawasha moto, akapika chai ya watu watatu, na alipokuwa akingoja maji yachemke alijaribu kukumbuka mlango wa yule jirani mpya wa Bongwe ulikuwa wa upande gani.